YAH: Mbona Hujibiwi?



Mwezi uliopita nilipanda mwendokasi pale Magomeni, nikabahatika kupata kiti, nikatoa simu. Kulikuwa na baruapepe kutoka nyumba moja ya wageni niliyolala usiku mmoja tu, miaka mitatu nyuma, nikiwa safarini mikoani. Nikaifungua. Nilichokutana nacho hakikuwa salamu, wala bei, wala picha ya kitanda. Zilikuwa anwani za watu. Kila aliyewahi kulala pale na kuandika anwani yake kwenye daftari la mapokezi alikuwa ameanikwa, mmoja chini ya mwenzake. Nikasukuma kwa kidole gumba. Tumepita Manzese, bado nasukuma. Katikati ya orodha nikaliona jina la jamaa ninayemfahamu ambaye, kwa maelezo anayompa mkewe, akienda mji ule hulala kwa shemeji yake. Sitamtaja. Kama ananisikiliza jioni hii, amejijua.

Barua yenyewe ilikuwa chini kabisa. "Ndugu mteja, tunayo furaha kukujulisha kwamba sasa tumefunga viyoyozi."

Kabla sijafika Ubungo mtu mmoja akajibu: niondoeni humu. Jibu lake likatufikia wote. Wa pili akaandika: na mimi. Nalo likatufikia wote. Wa tatu akapandwa na hasira, akaandika aya nzima ya kuwasihi watu waache kumjibu kila mtu, na aya hiyo akamtumia kila mtu.

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya baruapepe ya biashara, na nimeanzia hapo kwa sababu mwenye nyumba ile alikuwa ameshika mali. Alikuwa na majina ya watu waliolala kwake, wakamlipa, wakaondoka salama. Mfanyabiashara gani asiyeitamani orodha kama hiyo? Akabofya mara moja, mali ikageuka kero.

Kosa lenyewe ni dogo. Ukifungua ukurasa wa kuandika barua, juu pana mahali pa kumweka unayemwandikia, kisha pana Cc, kisha Bcc. Waliofanya kazi ofisini enzi za taipu wanaijua Cc hata kama hawakuwahi kuiita hivyo: ni karatasi ya kaboni. Ulichomeka kaboni kati ya karatasi mbili, ukapiga taipu mara moja, ukapata nakala ya kumpelekea Mkuu wa Wilaya, na chini ya barua ukaorodhesha nakala zimekwenda kwa nani na nani, kila mtu akaona. Bcc ni nakala ya kificho. Anayeipata haonwi na wenzake. Mwenye nyumba alijaza watu wote mahali pa kwanza. Zamani tungesema amekosa adabu, yakaisha. Siku hizi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya walitangulia na yao mwaka 2019. Anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi. Alikuachia umhifadhie chumba, hakukuachia uitandaze barazani.

Cha kuchekesha, kosa hili lina umri mkubwa kuliko wengi mnaonisikiliza. Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao ulioitwa ARPANET, na ndiye aliyeichagua ile alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Miaka saba baadaye, mwanzoni mwa Mei 1978, bwana mmoja aitwaye Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, akapata wazo. Kampuni yake ilikuwa na mashine mpya ya kuonyesha kule California. Kuwaalika watu mmoja mmoja kulikuwa na kazi. Akaamua kuwaandikia wote kwa mpigo, watu karibu 400 wa pwani ya magharibi. Anwani zikachapwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Zikazidi nafasi iliyokuwepo, zikafurika, zilizobaki zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Kwa hiyo barua ya matangazo inayotajwa kuwa ya kwanza kwenye mtandao ilianza kama ile ya viyoyozi: majina, majina, majina, ndipo habari.

Watu walikasirika. Mtandao ule ulikuwa chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, haukuwekwa kwa ajili ya biashara ya mtu, na kampuni ikakaripiwa. Lakini Thuerk mwenyewe amesimulia tena na tena kwamba mialiko ile ilizaa mauzo ya mamilioni ya dola. Basi ukoo mzima wa barua taka, pamoja na ukoo wa barua za masoko zenye heshima zake, ni watoto wa baba mmoja. Wanaomwiga husahau jambo moja. Thuerk alikuwa akiuza kompyuta, na wale 400 walikuwa miongoni mwa watu wachache duniani waliotumia kompyuta kila siku. Aliwakera wahusika. Sisi tunawakera hata wasiohusika.

Aliyewahi kutembea Forodhani, Zanzibar, anawajua papasi. Papasi hana haja ya kujua wewe ni nani. Ameona mkoba mgongoni, basi anakuandama: pomboo, viungo, Changuu, teksi ya uwanja wa ndege. Nisiseme uongo, papasi hupata wateja. Lakini mgeni aliyeandamwa mara tano asubuhi moja huacha kumwitikia hata mzee anayetaka kumwambia tu kwamba zipu ya mkoba wake iko wazi. Ndivyo ilivyo kwenye visanduku vyetu vya barua. Kila wiki naletewa ofa ya kununua anwani maelfu kwa maelfu za "wafanyabiashara wa Afrika Mashariki". Nikinunua, nitakuwa papasi mwenye umeme.

Sasa niwapeleke Moshi. Nina kijana kule, mtoto wa rafiki yangu, ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Ofisi ni chumba kimoja, mahema yamejaa nusu ya chumba, mitungi ya gesi nusu nyingine. Aliniambia: "Baba mdogo, hawa wageni wananiuliza bei, nawajibu, halafu wanapotea. Bei zangu si mbaya. Tatizo nini?"

Nikamwambia nionyeshe ulichoandika. Akanifungulia barua ya mama mmoja wa Ujerumani. Mama yule aliuliza maswali matatu. Kwanza, yeye ana miaka 61, je, njia ya Machame kwa siku saba itamfaa? Pili, hema la choo limo kwenye bei, au analipia pembeni? Tatu, Februari kuna mvua? Akamaliza kwa jina lake, wazi kabisa.

Jibu la kijana wangu lilikwenda baada ya siku nne. Lilianza kwa kumwita "Mpendwa Bwana au Bibi". Ikafuata historia ya kampuni. Ikafuata aya ya kusifu ukarimu wa Mtanzania. Kisha kiambatisho cha megabaiti nane chenye picha za twiga, na Kilimanjaro mtu hapandi kwenda kuona twiga. Maswali matatu, majibu sifuri. Nikamuuliza: mama huyu angekuja hapa ofisini, akakaa kwenye kiti hiki, akakuuliza kama hema la choo limo kwenye bei, ungemsomea historia ya kampuni? Akacheka. "Ningemwambia limo, mama, usihofu."

Basi ndiyo barua hiyo. Tukakaa tukaiandika upya. Tukamwita kwa jina lake. Siku saba Machame zinakufaa kuliko sita, kwa sababu utalala usiku mmoja zaidi pale Karanga kabla ya kupanda kambi ya Barafu, na mwili utapata nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Siku ya tatu utafika Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha utashuka kulala Barranco, na huko kupanda juu ukalala chini ndiko kunakowafikisha watu kilele cha Uhuru. Hema la choo limo, na mtu wa kulibeba yumo. Januari na Februari ni miezi ya ukavu, masika huanza Machi, ila mlimani mvua haina kalenda, kwa hiyo koti lisikose. Mwisho swali moja tu: ungependa kuanza tarehe ngapi? Aya nne fupi, bila kiambatisho. Ilikwenda saa mbili usiku, na kwa kuwa Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa moja au mbili kufuatana na majira, ilimkuta bado hajalala. Akajibu usiku uleule. Wala hakuuliza punguzo. Aliuliza wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanalipwa kiasi gani kwa siku, na kama wana mahema mazuri ya kulala.

Swali lile la wagumu lilinifungua macho. Hakuna tangazo ambalo lingelichokoa swali hilo. Lilitoka kwa sababu mtu alijibiwa kama mtu, naye akaendelea kuzungumza kama mtu.

Hapa kuna msikilizaji anaguna: mzee huyu bado anaishi dunia ya baruapepe, sisi wenzake tuko WhatsApp. Umesema kweli. Kama wewe ni fundi cherehani wa Mwananyamala, wateja wako wako WhatsApp, na hao wengine wako mlangoni, usihangaike. Kama unamuuzia mwenye duka la jumla Kariakoo, mpigie, umsalimie, umuulize na hali ya nyumbani, ndipo mfike kwenye mzigo. Baruapepe ina mahali pake: mteja aliye mbali, ofisi inayotaka maandishi, zabuni, ankara, jambo litakalotafutwa tena mwakani. Na ina uzuri mmoja ambao mitandao haina. Ukurasa wako kule ni chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akibadili kufuli, wateja wako wamebaki ndani. Kadhalika zile tovuti za kuhifadhi vyumba hukata kamisheni yao, mara nyingi asilimia 15 hivi, kila mgeni anapopitia kwao. Mgeni yuleyule akirudi mara ya pili kwa kukuandikia moja kwa moja, asilimia hiyo inabaki kwako, inalipa mshahara wa mpishi.

Turudi kwenye barua. Nimesema mama alijibiwa kwa jina. Lakini hata kabla ya jina kuna ule mstari wa juu, ambao sisi tuliusomea shuleni tukauharibia hukohuko. Mnakumbuka barua rasmi? Kumbukumbu namba, tarehe, anwani, kisha kwa herufi kubwa na mstari chini yake: YAH. Wakenya wao wanaandika KUH, au MINT. Halafu aya ya kwanza inaanza: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nimesoma maelfu ya barua za namna hiyo, nyingine nimeziandika mwenyewe, na hadi leo sijaelewa aya ile ilikuwa inamsaidia nani. Kichwa nimeshakisoma, ndugu yangu. Ndiyo maana niko hapa.

Tumeihamisha tabia hiyo hadi kwenye simu. Kwenye kioo cha simu anayeletewa barua huona vitu vitatu: jina lako, maneno machache ya kichwa, na mwanzo wa sentensi ya kwanza. Sasa wewe kichwa umeandika TAARIFA MUHIMU, na sentensi ya kwanza inasema husika na kichwa cha habari hapo juu. Umepewa nafasi mbili za kusema shida yako, zote umezitumia kusema kwamba una shida. Andika "Profoma ya mabati 120, inaisha Ijumaa". Andika "Machame Februari: majibu ya maswali yako matatu". Huo ni YAH uliokwenda shule.

Kuna watu waliolichukulia jambo hili kama sayansi. Mwaka 2012 Barack Obama, yule ambaye baba yake ni wa Kogelo, aligombea urais kwa mara ya pili, na sehemu kubwa ya pesa alizochangiwa mtandaoni ilitokana na baruapepe. Kikosi chake kilikuwa na waandishi ambao kazi yao ilikuwa barua tu. Kabla ya kuituma barua kwa mamilioni ya watu, waliijaribu kwa makundi madogo, pengine kwa sura 18 tofauti: kichwa hiki, kichwa kile, aya hii juu, aya hii chini. Barua moja ya Juni mwaka ule ilijaribiwa kwa vichwa vingi. Kilichoshinda kilikuwa Obama akikiri kwamba mpinzani wake atamzidi kwa matumizi. Kilileta zaidi ya dola milioni 2.5. Kile kilichofanya vibaya kuliko vyote, walikadiria kingeleta kama dola 400,000. Tofauti ya kichwa tu, wasikilizaji wangu. Maneno machache.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: wataalamu wale walikuwa wakishindana kubashiri kichwa gani kitashinda, na walikiri kwamba walikuwa wabashiri wabovu. Miongoni mwa vichwa vilivyofanya vizuri kabisa kampeni nzima kilikuwa neno moja la Kiingereza cha vijiweni, mfano wa mtu kukuandikia "Mambo". Waligundua pia kwamba barua zilizorembwa hazikushinda barua zenye sura mbaya. Wakachovya maandishi rangi ya njano, sura ya kutisha, michango ikapanda. Baada ya muda watu wakaizoea njano, ikaacha kufanya kazi. Msidhani basi nawaambia mwandikie Meneja wa Benki "Mambo". Aliyeandikiwa "Mambo" na Obama alishangaa kwa sababu ni Obama. Fundisha jicho lako kwa wateja wako: nusu wapelekee kichwa hiki, nusu kile, uone nani anajibu.

Nasema nani anajibu, sisemi nani amefungua. Zile huduma za kutuma barua nyingi huficha ndani ya barua kipicha kisichoonekana; kikipakuliwa, wanakuhesabia kwamba barua imefunguliwa. Tangu Septemba 2021 simu za Apple zimepewa uwezo wa kupakua kipicha hicho zenyewe, mwenye simu asome asisome. Kwa hiyo kijana wa masoko akikuletea ripoti kwamba barua imefunguliwa na watu asilimia kadhaa, msikilize kwa heshima, kisha muulize ni wangapi waliojibu na wangapi waliolipa.

Na wako ambao barua zao hazifiki kabisa. Hili linahitaji subira kidogo kulieleza. Ukienda benki kufungua akaunti wanaweza kukutaka barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye muhuri wa mtendaji. Bila muhuri, hata kama ndiye wewe, si wewe. Mashirika yanayohifadhi baruapepe yamefika hapo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kikoa cha kampuni yako, ile co.tz au co.ke yako, kiwe kimethibitishwa. Mihuri yenyewe inaitwa SPF, DKIM na DMARC. Huna haja ya kujua kuigonga. Mwambie anayekuuzia kikoa akuwekee, ni kazi ya mchana mmoja. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail atadaiwa mihuri yote mitatu, pamoja na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Yaani kati ya watu 1,000, watatu tu wakibonyeza kwamba hii ni taka, umeingia kwenye vitabu vya wakorofi. Jiulize sasa zile anwani za kununua zitakuletea wangapi.

Mtu akitaka kujiondoa, mwache aende. Nimeona wafanyabiashara wanaficha kitufe chini kabisa, herufi za kijivu juu ya kijivu, kama mtu anayeficha mlango wa kutokea ukumbini ili harusi isipungue watu. Waliobaki ndani hawachezi, wanatafuta mlango.

Chini ya barua weka jina, namba ya simu, mahali ulipo. Basi. Usiweke nembo sita na methali. Ila mstari wa mwisho una nguvu yake. Hotmail ilipofunguliwa Julai 1996, na Sabeer Bhatia na Jack Smith, kila barua iliyotumwa na mteja ilikuwa na kistari chini kikimwambia mpokeaji kwamba naye anaweza kupata anwani ya bure. Hawakuwa na bajeti ya matangazo ya maana. Ndani ya mwaka mmoja na nusu walikuwa na mamilioni ya watumiaji, na Microsoft wakainunua kampuni mwishoni mwa 1997.

Sasa niseme la hatari, na hapa naomba aliye jikoni apunguze moto asogee. Unamdai mteja, au unadaiwa. Mmeandikiana wiki tatu. Siku moja inaingia barua, lugha ileile, ankara ileile, imeongezewa mstari mmoja: tumebadilisha akaunti ya benki, tafadhali lipa kwenye hii mpya. Mwizi alikwisha kuingia kwenye kisanduku cha mmoja wenu siku nyingi, amekaa kimya anasoma, anajifunza mnavyoitana, anasubiri siku ya malipo. Anwani yake ukiitazama haraka ni ileile. Ukiitazama kwa utulivu, pale penye m ameweka r na n zilizobanana. Namjua mtu aliyelipa namna hiyo, pesa ya kontena zima, na kufuatilia kwake hakukuzaa kitu. Akaunti ikibadilika, piga simu. Na usipige namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Piga ile uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti unayoijua. Kisha kwenye kisanduku chako weka uthibitishaji wa hatua mbili, leo, kabla hujalala.

Nilikuwa Moshi tena Aprili. Masika yalikuwa yamekolea, mlima hauonekani wiki nzima, wageni hakuna, wagumu wamerudi mashambani. Nikamkuta kijana wangu ofisini anaandika. Alikuwa na daftari la wageni wote aliowapandisha, arobaini na wachache, na alikuwa anamwandikia kila mmoja barua yake. Nikamwuliza kwa nini asiwatumie wote mara moja, kwa Bcc, kama nilivyomfundisha. Akaniambia: "Baba mdogo, huyu nilimbebea begi akitapika Barafu. Nimwambie nini kinachomfaa na mwingine?"

Nikanyamaza. Mwanafunzi amenipita.

Mmoja wa wale aliokuwa akiwaandikia ni mama mwingine wa Kijerumani, wa Hamburg, aliyekuja na mumewe mwaka wa kwanza wa kampuni. Wageni wale wana kisa. Kijana aliwaandikia kwa Kiingereza kwamba gari litawachukua hotelini saa mbili, akaandika tarakimu 2, peke yake, bila asubuhi wala usiku, kwa saa yetu ya Kiswahili. Wazungu wale, watu wa kufuata muda, wakaamka usiku wa manane, saa nane yetu, wakashuka na mabegi, wakasimama getini gizani. Mlinzi akawaletea viti viwili vya plastiki. Gari lilifika kumekucha, saa mbili kamili, na dereva alijisifu kwamba hajachelewa hata dakika.

Jibu la mama yule liliingia tukiwa bado tunakunywa chai. Magoti yake, alisema, yamekwisha kazi, mlima basi. Lakini binti yake ana mwaka wa likizo na anataka kuja Septemba na mwenzake, njia ya Lemosho, siku nane. Akaomba bei. Na chini ya jina lake, pale ambapo watu wengine huweka nembo, alikuwa ameongeza mstari mmoja: tafadhali mwandikie binti yangu gari litamchukua saa ngapi, na mweleze hiyo saa ni ya kwenu au ya kwetu.